Doa la Buluu kwenye Wimbo wa Mjane

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi, na labda ndiyo maana haukumtoka Apolonia kichwani: Kanali akiondoka kesho, anaondoka na mmoja wa wapulizaji.

Aliupata kwa Walburga, mpishi wa jumba, asubuhi, kati ya kitunguu kimoja na kingine. Kanali Dornau ni mgeni wa Mtawala wa Hellmarsberg. Kikosi chake kinaelekea mto Rhine kupambana na Wafaransa, na bendi ya kikosi imepungukiwa watu. Mtawala wetu hana jeshi la kumgawia mtu. Ana wapulizaji wanane wa kumpigia muziki akila. Basi atatoa alicho nacho.

Wiki iliyopita tulimwacha mama huyu mfuaji, mjane, nje ya chumba cha mazoezi, kikapu cha kola za mashati zilizolowa kiunoni, sikio limeganda mlangoni. Ndani walikuwa wawili: Bwana Zobel, msimamizi wa jumba, na Bwana Prokop, mpiga zumari wa kwanza na mkubwa wa wapulizaji wote.

"Kijana mwenyewe anajua?" Zobel aliuliza.

Hapo ndipo tulipokata. Sasa sikia jibu.

"Hajui," Prokop alisema. "Na asijue. Akijua atapuliza ovyo makusudi, Kanali amkatae, lawama ije kwangu."

"Na mama yake?"

"Yupo humuhumu ndani. Ataambiwa kesho, farasi wakishatandikwa. Akilia, alilie uani."

Apolonia akaanza kuhesabu. Ni akina mama wangapi walio na wana katika wale wanane, na wote wanaishi humo ndani ya jumba? Alijihesabu yeye, mama wa Kilian, akaacha kuhesabu. Mama mwenye hofu hesabu yake huishia hapo.

Zobel akacheka kidogo. "Mbona unaonekana huna furaha, Prokop? Si wewe unayechukuliwa."

"Furaha nitaitoa wapi? Toka majira ya baridi nasema wimbo wa mjane ni wa zumari. Kila opera inayokatwa hapa, sauti ya mwanamke napewa mimi. Safari hii huyu Kilian kajipa mwenyewe, kwenye klarineti yake. Nakaa pembeni namsindikiza, pu, pu, pu, kama kuku."

"Mwambie akuandikie upya."

"Nimemwambia mpaka koo limekauka."

Viti vilisogezwa. Apolonia alijibanza nyuma ya kabati la makoti mpaka walipopita, kisha akaenda moja kwa moja kumtafuta mwanawe.

*

Kilian alikuwa chumbani kwake juu ya chumba cha kufulia, mezani, manyoya ya kuandikia yametapakaa, wino umemfika kwenye nyusi. Alikuwa na uso wa mtu aliyeumwa jino tangu alfajiri.

"Mama, si sasa."

"Ni sasa."

"Mtawala kabadilisha vyakula. Unasikia? Samaki anakuja kabla, paa wa kuchoma anakuja mwisho, kwa sababu Kanali kachelewa mawindoni. Kwa hiyo wimbo wa mjane uliokuwa wa samaki sasa uwe wa paa. Na mwisho wa opera, ile sehemu wanaimba wote, ifupishwe, mchuzi usigande. Opera ya watu, mama. Huko Vienna walikuwa na waimbaji, na fidla, na ngoma. Mimi nina zumari mbili, klarineti mbili, baragumu mbili na fagoti mbili za sauti nzito, nimewabana wote humo, na bado naambiwa nikate. Nakata opera kama soseji."

Opera hiyo, mchezo wa kuigiza kwa kuimba, iliitwa Mjane wa Smirna, na mji wote wa Vienna uliimba nyimbo zake barabarani. Kilian hakuwahi kwenda kuiona. Alipata noti za muziki za mwimbaji kwa rafiki, akakaa majira yote ya baridi kuzigeuza ziwe za kupulizwa. Haraka yake ilikuwa hii: jirani yao, mtawala wa ng'ambo ya mto, naye ana wapulizaji, na atakayetangulia kuipiga mezani kwake ndiye atakayesifiwa. Kwa watawala hawa wadogo wasioweza kulisha waimbaji, hiyo ndiyo opera yao.

"Kilian, mwanangu, nisikilize. Kanali anachukua mmoja wenu kesho. Ni wewe."

"Nani kasema?"

"Walburga."

Kilian akacheka bila raha. "Jikoni kila wiki kuna mtu anauzwa. Mwezi jana ilikuwa mpiga fagoti wa pili anapelekwa Urusi. Yuko hapo nje anakula jibini."

"Nimemsikia Prokop kwa masikio yangu. Kasema kijana hajui, na mama yake yumo humu ndani."

"Kataja jina?"

Apolonia akatazama manyoya mezani.

"Hakutaja," Kilian alisema. "Basi niache niandike."

"Kama hutaki kuniamini, sawa. Lakini leo piga vibaya. Mara moja tu, kwa ajili yangu. Kohoa katikati. Jikwae. Kanali akuone hufai."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Tofauti yake nini, mama?" Akauweka unyoya chini. "Miaka yote napiga, watu wanatafuna. Mtawala anagugumia supu juu ya kazi yangu. Hajawahi mtu hata mmoja kuacha kijiko. Leo nina wimbo mmoja, mmoja tu, ambao nikiupiga sawasawa wataacha kutafuna. Unataka nikohoe?"

"Nataka uwe hai."

"Na mimi nataka usimame mbali na meza. Toa mkono, mama, utanipaka."

Kwani mikono ya Apolonia siku za kufua kola ilikuwa ya buluu hadi kwenye vifundo. Alikuwa amesahau kuacha kifuko cha buluu ya kung'arishia nguo nyeupe kwenye beseni. Alikuja nacho kiganjani, kinachuruzika. Kilian alimpokonya, akakitupa ndani ya kikapu, akajifuta vidole kwenye suruali kwa hasira. Havikufutika vyote. Buluu ya kufulia haiogopi suruali.

"Angalia," akasema, akiinua karatasi mbili mpya, wino bado unang'aa. "Hii ya wimbo, yangu. Hii ya kusindikiza, ya Prokop. Hata majina sijaandika, sina nafasi. Naziweka kwenye stendi za noti sasa hivi, nikavae wigi. Ukinipenda, usinifuate."

Apolonia aliziangalia zile karatasi. Noti hakujua kuzisoma. Lakini macho alikuwa nayo: moja imejaa weusi juu mpaka chini, nyingine ina alama chache zimetawanyika kama kunguru juu ya uzio.

Akabeba kikapu, akatoka. Kilian alidhani ameelewa.

*

Wakati wapulizaji wako nyuma wanapakana unga wa wigi, nani anaingia ukumbi wa chakula bila kuulizwa? Mwenye vitambaa vya meza.

Apolonia alitandika kitambaa kikubwa. Akapanga leso za mezani. Akafika kwenye jukwaa dogo la wapulizaji karibu na dirisha, akasimama.

Hebu jiweke mahali pake, mama mwenzangu. Mwanao hakusikii. Mzee Prokop analilia wimbo huo usiku na mchana. Prokop ana umri mkubwa na meno ya mbele yanayocheza; Kanali hatamtaka hata bure. Ukimpa Prokop wimbo, atafurahi. Mwanao ataachiwa kusindikiza, pu, pu, pu, hakuna atakayemtazama. Kanali ataondoka mikono mitupu. Nani ameumia hapo?

Ndivyo alivyowaza. Akachukua ile karatasi iliyojaa weusi kutoka stendi ya Kilian, akaiweka kwa Prokop. Ya kunguru akaiweka kwa Kilian. Kwake yeye ilikuwa kama kubadilisha sahani mbili.

Kumbe klarineti ina tabia yake. Noti zake huandikwa juu kuliko sauti inayotoka. Mwenye klarineti akipuliza kilichoandikwa, sauti inashuka yenyewe mpaka mahali pake. Mwenye zumari akipuliza karatasi hiyohiyo, haishuki. Inabaki juu, peke yake, wenzake wote wako chini.

Apolonia amefua kola za wapulizaji miaka yote hiyo, na hilo hakulijua. Nani angemwambia? Wanaume wanaongea noti na wanaume.

*

Walikula mchana, jua lote likiwa dirishani. Mtawala alikuwa mnene, mwenye kucheka kwa urahisi, kitambaa kimefungwa shingoni kama mtoto. Kanali Dornau alikuwa mwembamba, mwenye kovu kidevuni, na alikula kama mtu anayemaliza kazi.

Apolonia alisimama nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, mahali pa kungojea leso chafu.

Supu ilikwenda na mwanzo wa opera. Mtawala aligugumia. Samaki alikwenda na sehemu ya mapacha wawili kugombana, baragumu kwa fagoti, na Kanali akatoa mfupa mdomoni bila kuinua kichwa. Kwenye jukwaa Kilian alikuwa ameuma meno.

Paa akaingia.

Prokop alifunua ile karatasi mpya. Apolonia alimwona akisita kidogo, akisogeza uso karibu. Halafu, mzee wa watu, akatabasamu. Alimtupia Kilian jicho la mtu aliyepewa zawadi bila kutegemea. Alidhani kijana amemwandikia.

Kilian hakuliona jicho hilo. Alikuwa anaiangalia stendi yake mwenyewe na uso umekwisha rangi.

Prokop akapuliza.

Sauti iliyotoka ilikuwa kama mlango wa zizi. Wenzake wako hapa, yeye yuko kule. Alidhani wamekosea wao. Akapuliza kwa nguvu zaidi kuwaonyesha njia. Baragumu zikayumba. Mpiga fagoti wa pili akaacha kupuliza kabisa, akaangalia dari.

Mtawala aliacha kutafuna. Hivyo ndivyo wimbo wa kwanza kuwahi kumwachisha chakula ulivyokuwa.

"Prokop," alisema. "Unamchinja nani?"

Nyuma ya pazia, Apolonia aliziba mdomo. Kitu hakikwenda alivyopanga. Lakini ndani ya hofu yake kulikuwa na kipande kidogo cha furaha, nisikufiche: Kanali alikuwa amekunja uso. Hakuna anayetaka bendi ya namna hiyo.

Na hapo ndipo Kilian alipoisukuma karatasi pembeni, akainua klarineti, akauchukua wimbo palepale ulipoharibikia. Bila noti. Alikuwa nao kichwani toka majira ya baridi.

Mjane wa Smirna anakaa dirishani, mume hajarudi, na yeye hataki kuambiwa harudi. Hakukuwa na mwanamke pale ukumbini, wala neno hata moja la kuimbwa, na kila mtu alijua mjane anasema nini. Baragumu zilirudi polepole. Fagoti zikaingia chini. Prokop aliweka zumari magotini, akainamisha kichwa.

Mtumishi aliyekuwa anamimina divai alisimama na chupa hewani. Mtawala aliweka uma. Kanali aliweka uma.

Hakuna aliyetafuna.

Apolonia alifua chini ya wimbo huo mamia ya mara, na hakuwahi kuusikia hivi. Alilia, na katikati ya kulia akaelewa alichokifanya. Kama angeacha karatasi zilivyokuwa, ungekuwa wimbo mzuri juu ya nyama. Sasa ulikuwa kijana aliyeokoa meza nzima.

Wimbo ulipokwisha, Kanali aliinua kidole.

"Yule," alisema. "Namchukua yule."

*

Kwa pumzi moja mama huyu alikuwa amezika mtoto. Kisha Mtawala akacheka.

"Yule? Hapana, Dornau. Omba mwingine. Yule ndiye anayenikatia opera. Nikikupa yule mimi nitakula na nini? Tulikubaliana mpiga baragumu wa pili, na ndiye utakayemchukua. Yule mrefu pale. Ana kifua."

Mpiga baragumu wa pili.

Kwa hiyo maneno ya mlangoni hayakuwa ya Kilian hata kidogo. Mwanawe alikuwa salama tangu asubuhi. Wino, karatasi, buluu, aibu ya mzee Prokop, vyote vilikuwa bure.

Apolonia hakungoja zaidi. Alikimbilia jikoni, machozi na kicheko vimechanganyikana, akamkumbatia Walburga kwa nyuma, mwiko na vyote.

"Si Kilian. Walburga, dada yangu, si wangu. Ni baragumu wa pili."

Walburga hakugeuka.

Sufuria lilikuwa linachemka. Apolonia alisikia maneno yake mwenyewe yakizunguka kwenye vyungu na kurudi. Mpiga baragumu wa pili aliitwa Matyas. Matyas alizaliwa katika chumba kile cha nyuma ya jiko. Apolonia ndiye aliyemfunga nepi ya kwanza.

"Rudia," Walburga alisema.

"Walburga..."

"Nilikuletea uvumi asubuhi ili ujiandae. Nilikuhurumia. Nikasema, maskini Apolonia." Sasa aligeuka. "Kumbe nilikuwa nakuletea wangu. Na wewe umekuja kunikumbatia."

"Sikufikiri."

"Ulifikiri. Ulifikiri wako."

 Apolonia alirudi ukumbini, maana miguu ilitaka kwenda popote ambapo macho yale hayapo.

*

Sikiliza alichokikosa alipokuwa jikoni, kwa sababu yeye hakukijua.

Prokop aliinuka na ile karatasi mkononi. "Mtukufu, miaka yangu yote hapa sijawahi kuaibika hivi. Hii ni ya klarineti. Mtu ameiweka kwangu."

Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni, juu ya noti za mwisho, kulikuwa na alama ya kidole gumba. Ya buluu.

Kilian aliitazama alama ile. Ikamjia asubuhi yote: mkono unaochuruzika, na yale maneno, kohoa katikati, jikwae. Mfuaji akikutwa ameharibu meza ya Mtawala mbele ya mgeni, analala nje ya geti siku hiyohiyo.

"Ni mimi, Mtukufu," alisema.

Kicheko cha Mtawala kilikufa. "Wewe?"

"Nilitaka nionekane."

"Ukamchezea mzee wako ili uonekane? Mezani kwangu?" Mtawala alijifungua kitambaa shingoni. Aliumia kweli, watu wakubwa huumia kama watoto, na huadhibu kama watu wakubwa. "Zobel, huyu ndiye atakayekwenda. Tangaza."

Na hapohapo ndipo Apolonia aliposhika pazia, akamsikia Zobel akisema kwa sauti ya kutangazia wageni:

"Aliyebadilisha karatasi ndiye atakayekwenda na Kanali. Matyas atabaki."

Alichosikia ni hicho tu. Na kichwa chake kilikwenda mbio. Aliyebadilisha ni yeye. Yeye ni mwanamke wa kufua. Mwanamke hapelekwi bendi ya jeshi. Akisema ni yeye, basi hakuna anayekwenda: si Kilian, si Matyas. Atafukuzwa, sawa, atafua kijijini. Na Walburga atamtazama tena.

Akatoka nyuma ya pazia.

"Ni mimi, Mtukufu. Karatasi nimezibadilisha mimi."

Alimwona Kilian akifumba macho, akajua amechelewa.

"Wawili," Zobel alisema polepole. "Kumbe si makosa, Mtukufu. Ni njama ya mama na mwana."

"Mmoja wao ananidanganya," Mtawala alisema. "Prokop, lete karatasi. Njooni hapa wote wawili. Nyoosheni mikono."

Apolonia alinyoosha yake, ya buluu hadi vifundoni. Ushahidi ulikuwa wazi, alikaribia kushukuru. Kisha Kilian akanyoosha ya kwake. Nyeusi kwa wino, na chini ya wino, kwenye gumba na vidole alivyomnyang'anyia kile kifuko, buluu.

Mikono minne mezani, kati ya mifupa ya paa, na hakuna aliyeweza kusema lile gumba ni la nani.

"Yeye hajui hata noti moja, Mtukufu," Kilian alisema. "Muulizeni."

"Na yeye anazijua, asingempa mzee karatasi isiyomfaa," Apolonia alisema. "Ni mjinga tu angefanya hivyo. Mjinga ni mimi."

"Mama, nyamaza."

"Nyamaza wewe."

Kanali Dornau, ambaye hakuwa amecheka tangu afike, alicheka. Alicheka mpaka akashika kovu lake.

"Mtukufu, mbona unajisumbua? Kikosi changu hakina mpiga klarineti. Wala hakina mfuaji. Watu wangu wananuka mpaka Wafaransa wanatusikia tunakuja. Kijana peke yake simtaki, atatoroka usiku wa kwanza arudi kwa mama. Nipe wote wawili. Ama sivyo, namchukua yule wa baragumu kama tulivyokubaliana, na hawa ubaki nao, uwafanye utakavyo."

Mtawala alisukuma sahani. Alimwangalia Kilian, akaiangalia ile klarineti kwenye kiti, akaonekana kama mtu anayeambiwa achague kati ya samaki na paa.

"Sitaki isemwe kwamba nilimpeleka mjane vitani kwa nguvu," alisema mwisho. "Mwenyewe aseme. Mama, utakwenda?"

Kilian alitikisa kichwa, kidogo sana, mara moja. Usikubali.

Nyuma ya Apolonia pazia lilisogea. Hakuhitaji kugeuka kujua ni nani; harufu ya vitunguu ilitangulia. Walburga alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi, na Matyas jukwaani amemkodolea macho mama yake, na ukumbi mzima unangoja mdomo wa mfuaji.

Kabla hujamhukumu, mama mwenzangu, kata haya uyabandike jikoni kwako:

Usiamini uvumi usiotaja jina.

Usisikilize mlangoni nusu. Ama usikilize mpaka mwisho, ama upite.

Usimwombe mtoto aharibu kitu pekee anachokiweza.

Usiguse kazi ya mtu usiyojua inavyofanya kazi, hata kama unaona ni sahani mbili.

Usiende kushangilia kwa jirani kabla hujauliza ni mtoto wa nani aliyeangukiwa.

Usifungue mdomo kumtetea mwanao kabla hujajua yeye ameshasema nini.

Na usimjibu mkubwa swali kwa haraka, wakati mwanao anakuambia hapana na rafiki yako anakuomba ndiyo.

Apolonia alikuwa ameshafungua mdomo.